Mbuzi wa Sura ya Tano

Kanyere hakwenda mjini siku ile kutafuta mwanaume. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Butembo wana midomo, na juu ya msichana huyu wameshasema mengi ya kijinga. Alikwenda kununua karatasi, basi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne ya asubuhi, kwenye ile barabara ya madépôt ambako malori hushusha mali ya China: mabati, pikipiki, sufuria, viatu vya plastiki, vyote ndani ya makartoni yenye maandishi ambayo hakuna mtu anayeyajua. Wabeba mizigo walikuwa wanapiga kelele, "Njia! Njia!" Kanyere akapita katikati yao na kikwembe chake cha bluu chenye maua ya njano, blauzi imemkaa vizuri kiunoni, na kalamu aliyoichomeka kwenye nywele akaisahau humo.

"Ee, Mama ya Wachina!" akaita Kakule, mwenye dépôt moja, mtu wa tumbo na kicheko. "Kuya utusomee hii! Client anataka kujua mafuta gani inaingiaka mu groupe."

Client mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ya kartoni: kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, tai nyekundu, viatu ambavyo asubuhi vilikuwa vinang'aa kabla matope ya Butembo hayajavikuta. Jina lake Mardochée. Amezaliwa Mbandaka, mbali kabisa na milima yetu, na serikali ilimtuma Beni kuandika kwenye madaftari watoto wanaozaliwa na watu wanaokufa. Bureau yao haina moto wa umeme, ndiyo maana alikuja kutafuta groupe ndogo, ile mashine ya kuzalisha umeme.

Kanyere akainama, akatazama kartoni. Akatambua neno la maji. Akatambua neno la mtu. Mengine yote yakamshinda.

"Sijue," akasema.

Dépôt nzima ikacheka. "Miaka ine unasoma Kichina!" Kakule akapiga mapaja. "Miaka ine, na hata mafuta ya groupe haujue? Basi unasomaka nini?"

Hapo ndipo mnapaswa kumjua Kanyere. Mwingine angeondoka na aibu yake. Yeye alichomoa kalamu kichwani na kumnyooshea Kakule.

"Miye nasoma mawazo ya batu bamekufa zaidi ya miaka elfu mbili! Bakonfusio na Badao! Bale hawakukuwa na groupe, hawakukuwa na moto, hawakukuwa na dépôt ya kuuzisha batu vitu vyenye kuharibika siku ya pili! Nyiye munafikiri China ni makartoni tu?"

Wakacheka zaidi. Lakini yule kijana wa tai nyekundu hakucheka.

"Na hao batu bamekufa," akauliza, na Kiswahili chake kilikuwa kinavuta Kilingala, "balisema nini?"

Miaka minne! Miaka minne msichana huyu ameisoma falsafa ile pale université, na hakuna mtu hata mmoja, si mama yake, si wanafunzi wenzake, si padri, aliyewahi kumuuliza swali hilo. Hasira yote ikamtoka mwilini, akabaki anamtazama.

"Balikuwa nabishana," akasema polepole.

"Juu ya nini?"

"Juu ya vile mutu anaweza kuishi muzuri wakati bakubwa banapigana vita, na njia zote zinafungwa, na batu ya mashamba banakimbia kila siku."

Mardochée alikuwa ametoka Beni asubuhi ileile, kwa barabara ileile ya vizuizi na bunduki mnayoijua.

"Maman," akasema, "hao batu ni ba jirani yangu."

Alimnunulia karatasi zake akazikataa. Alimwomba namba ya simu, akaikataa pia, kisha akampa alipofika kwenye kona, akijifanya ni kwa sababu mwanaume alikuwa anamfuata na kartoni kichwani na watu wanaona.

*

Mapenzi yao yalikua kwenye simu, saa sita za mchana, wakati bureau ya Beni inafungwa kwa chakula.

"Allô, Professeur."

"Ee, Monsieur l'État, Bwana Serikali. Leo umeandika batoto wangapi?"

"Saba. Mumoja bamemuita Prophète. Sasa leo Badao banasema nini?"

"Banasema usilazimishe vitu. Maji haipigane na jiwe, inapita pembeni, na inafika."

"Kumbe! Basi miye sitalazimisha. Nitapita pembeni mupaka kwenu Bulengera."

"Weye! Nitakukatia simu!"

Hakukata. Hakuwahi kukata.

Kanyere alikuwa anaandika mémoire yake, ile kazi kubwa ya kumaliza masomo, kwa mkono, kwenye madaftari ya shule. Mardochée akasema ataipiga yeye kwenye kompyuta ya bureau, iliyowashwa kwa ile groupe mpya, baada ya kazi, na akajifundisha kuweka zile herufi za Kichina moja baada ya moja. Basi madaftari yakawa yanasafiri. Mariette, rafiki wa Kanyere anayeuza maharage kati ya Butembo na Beni, aliyabeba chini ya magunia yake mara mbili kwa juma, na kila mara akalalamika kwamba yeye si posta ya wapenzi.

Sura ya tatu ilikuwa juu ya Wakonfusio: kwamba utu wa mtu unafundishwa na desturi, na kwamba anayeitwa baba awe baba kweli, anayeitwa mkubwa awe mkubwa kweli, la sivyo majina yote ni uongo. Sura ya nne ilikuwa juu ya Wadao waliowacheka: kwamba pale desturi zinapozidi kuwa nene, uaminifu umeshakuwa mwembamba, kwamba mtu mwenye moyo safi hahitaji sherehe. Kanyere aliiandika sura ile kwa uzuri hata mimi naogopa. Mardochée aliipiga mara mbili kwa sababu ya kuipenda. Alifikiri amesoma moyo wa msichana mwenyewe.

Ndipo akauliza.

"Chérie, nataka kuya kwenu. Kuonana na wakubwa. Nilete nini?"

Kanyere alikuwa sokoni, nyanya mkononi, akasikia uso unawaka. Kwetu sisi Wanande msichana hasemi mwenyewe mbuzi za mahari yake. Ni aibu kubwa. Mwanaume anatafuta mshenga, mtu wa pale pale anayejua maneno, na mshenga ndiye anayekwenda kuuliza wazee. Kila mtu anajua hilo, na Kanyere alidhani kila mtu maana yake ni kila mtu duniani.

"Miye siwezi kusema kitu hiyo," akacheka kwa haya. "Lete moyo yako. Bengine batakuambia."

Hao "bengine" wangekuwa Onésime, mwenzake wa bureau, mtoto wa Beni. Lakini Onésime alikuwa Manguredjipa kwa baba yake mgonjwa, kule simu inashika juu ya kilima kimoja tu. Mardochée akaona hahitaji mtu. Alikuwa na sura ya nne.

*

Jumapili baada ya misa, nyumba ya Bulengera ilijaa. Baba yake Kanyere alishakufa, kwa hiyo aliyekaa kwenye kiti cha katikati alikuwa baba mdogo, Apollinaire, mnunuzi wa kahawa, mtu wa koti la kahawia na sauti ya kuamuru. Mashangazi walivaa vikwembe vya sare. Jikoni sufuria zilikuwa zinachemka.

Mardochée akaingia peke yake. Suti ya kijivu, tai ya zambarau, marashi yaliyofika kabla yake. Mkononi alikuwa na kitu kimoja: sura ya nne, imepigwa vizuri, imefungwa kwa jalada la kijani.

Akasalimia wote, akasimama, akatoa hotuba yake ya mapenzi. Ilikuwa hotuba nzuri. Alipomaliza, Apollinaire akachungulia mlangoni nyuma yake.

"Mushenga yako iko wapi?" akauliza Apollinaire.

"Nimekuya miye mwenyewe, baba."

"Na mbuzi?"

"Baba, nimekuya na moyo." Akanyoosha lile jalada la kijani kwa mikono miwili. "Kanyere mwenyewe ameandika humu: fasi desturi inakuwa mingi, uaminifu unapunguka. Miye sikutaka kuficha moyo yangu nyuma ya nyama."

Apollinaire hakulipokea jalada. Alisimama taratibu, na mishipa ya shingo ikatoka.

"Mwizi! Nyiye batu ya serikali!" akanguruma. "Kuku yetu munachukuaka bure. Ndizi yetu bure. Kahawa yetu ku njia, bure. Ku pikipiki mutu wenu anapanda, anashuka, hasemi hata aksanti. Tumenyamaza! Sasa mutoto pia? Mutoto ya kaka yangu pia munataka bure?"

Niseme ukweli: kila kitu Apollinaire alichosema kinatokea. Kila siku kinatokea, na sisi tunameza. Lakini alimwambia mtu asiyehusika. Mardochée alikuwa anatembea kwa miguu kwenda kazini ili asiombe mtu lifti. Akageuka kijivu kama suti yake.

"Miye sijachukuaka hata yai ya mutu," akasema. Akatazama kwenye mlango wa jikoni.

Kanyere alikuwa amesimama pale na sinia la soda mikononi. Alivaa kikwembe kipya cha zambarau ambacho shangazi yake alikuwa amekikunja toka Krismasi kwa siku hiyo tu. Angeweza kusema neno moja. Hakusema.

Mardochée akaweka sura ya nne juu ya kiti, akatoka.

*

Simu ililia kesho yake saa sita, na safari hii hapakuwa na Professeur wala Monsieur l'État.

"Kanyere, bananiita mwizi, na weye unanyamaza?"

"Na weye unakuya kwetu mikono mitupu? Mutu anaendaka kuomba muke na makaratasi?"

"Ni makaratasi yako! Ni maneno yako!"

"Si maneno yangu! Ni maneno ya Badao! Nilikuwa naandika vile bo banawaza, kabla ya kujibu! Miye sijasema kama nawaza vile! Mardo, haujue kitu umefanya. Haujue!"

"Niambie, basi."

Na hapo sauti yake ikapasuka. "Unajua siku ya mbuzi banafanyaka nini? Banamuita binti mbele ya bote. Bakubwa, bajirani, bote. Banamuuliza: huyu mutu unamujua? Mbuzi yake tukule, ao tusikule? Na kama binti anasema hapana, hakuna mutu anakula. Hata mukubwa ya jamaa hawezi. Tangu nazaliwa, Mardo, tangu nazaliwa banaamua juu yangu: shule gani, misa gani, nguo gani. Ile siku njo siku moja tu bananiuliza miye. Moja tu! Na weye uliiondoa. Ulikuya bila mbuzi, basi hakukukuwa kitu ya kuniuliza. Balipigania miye sawa vile kiwanja, na miye nashika soda."

Mardochée naye alikuwa na jeraha lake, na mwanaume mwenye jeraha ni mpumbavu.

"Ulikuwa na mudomo," akasema. "Hata bila mbuzi ulikuwa na mudomo."

"Usinipigie tena."

Akakata. Mara ya kwanza.

Nyumbani, Apollinaire alipiga marufuku jina la mtu yule kutajwa. Akaongeza kwamba ni hayo mambo ya Wachina yaliyoleta aibu, na kwamba soutenance ikipita, yaani ile siku ya kuitetea mémoire mbele ya jury, Kanyere aache upuuzi, atafutiwe mtu wa kueleweka. Mashangazi wakaitika. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza Kanyere.

Kwa hasira hiyo akaandika sura ya tano. Siku tisa, kalamu ikikwaruza kama kuku. Ndani yake aliwajibu Wadao wake aliowapenda sana: mnasema moyo safi hauhitaji sherehe. Ni kweli kwa mwenye nguvu. Mwenye nguvu anasikilizwa popote. Lakini asiye na sauti, mjane, mgeni, binti, yeye atasema wapi? Desturi ikiwa na utu ndani yake, inamwekea mahali, inawalazimisha wakubwa wakae kimya wamsikie. Desturi bila moyo ni ganda, na moyo usiopita kwenye desturi unaweza kumkanyaga mtu bila kujua.

Akaifunga. Kisha akakumbuka: hakuna mashine nyingine yenye zile herufi. Karani wa université alishamwambia ataacha nafasi wazi, ajaze mwenyewe kwa mkono.

Mariette akaibeba chini ya maharage. Juu Kanyere aliandika: *Kazi ni kazi. Uipige, uirudishe.*

Ikarudi baada ya siku nne. Imepigwa vizuri, kila herufi mahali pake. Kanyere akafungua ukurasa kwa ukurasa kutafuta barua. Akaikung'uta. Hakuna.

"Hata neno moja!" akalia mbele ya Mariette. "Hata bonjour! Mutu ya namna gani huyu?"

"Si ulimuandikia kazi ni kazi?" akasema Mariette.

"Nyamaza weye!"

*

Mardochée hakuandika barua kwa sababu hakuona neno la kuandika. Aliisoma sura ya tano mara nne, saa za chakula, bila kula. Siku Onésime aliporudi kutoka Manguredjipa, akamkuta ameweka kichwa juu ya daftari la vizazi.

Onésime alisikiliza habari yote. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Kisha akakasirika.

"Weye mujinga ya wapi? Ulienda kuomba binti ya Bulengera na makaratasi? Peke yako? Miye niko hai, na unaenda peke yako?"

"Nisaidie."

"Nitakusaidia. Lakini utafanya yote, unasikia? Yote, sawa vile bakubwa banataka."

Kwa ndugu zake Onésime, kule Kalunguta, wakapata mbuzi, mbuzi wazuri wa mashamba. Mkubwa wa bureau akasema wachukue pick-up ya kazi. Mardochée akakataa.

"Nikifika na gari ya serikali, baba Apollinaire atasema mbuzi pia ni ya serikali."

Basi wakaja kwa miguu. Jumamosi, kabla jua halijatoka, mwanaume wa Mbandaka ambaye hajawahi kushika mbuzi maishani, na suti yake ileile ya kijivu, na kamba mikononi, akiburutwa kushoto na kulia kwenye vumbi la barabara kubwa, na Onésime nyuma na fimbo. Mpango ulikuwa wafike Bulengera saa mbili, waache mbuzi kwa jirani wa kuaminika, Mardochée akimbie soutenance ya saa nne, akae nyuma kabisa asikilize.

Lakini njiani kulikuwa na kizuizi. Kamba imefungwa kati ya miti miwili, vijana wanne wa serikali na bunduki, na mistari ya akina mama na vikapu vya mihogo wakisubiri kuacha kidogo ili wapite. Mnaijua kamba ile. Iko kila mahali, na haina karatasi inayoiruhusu.

"Mbuzi moja," akasema mkubwa wao. "Ya kupita."

Mardochée akatoa karte yake ya kazi. Yule akaisoma, akatabasamu.

"Ah, mwenzetu! Basi weye unajua kazi. Acha moja, upite."

Mwenzetu! Neno lile lilimchoma kuliko tusi lolote la Apollinaire. Mardochée akaona kwa macho yake mtu ambaye yeye alitukanwa kwa ajili yake kule Bulengera.

"Miye si mwenzenu," akasema. "Na hii mbuzi si yangu, ni ya jamaa ya binti. Siwezi kukupa kitu ya mutu."

"Basi utabaki hapa."

"Nitabaki."

Akaketi. Katikati ya barabara, na suti yake, kati ya mbuzi. Onésime akaketi. Mama mmoja wa mihogo akawatazama, akatua kikapu, naye akaketi. Kisha mwingine. Kisha wote. Malori yakaanza kupiga honi nyuma, mawili, manne, kumi. Jua likapanda. Vijana wakapiga kelele, wakatikisa bunduki. Hakuna aliyesimama. Mpaka honi zile zikawashinda, na mkubwa wao akaiachia kamba ianguke chini, akageuza uso.

Wakapita wote. Akina mama walipita na mihogo yao yote, na vigelegele. Lakini saa tatu na nusu ilikuwa imefika, na Bulengera bado mbali.

"Twende kwa jamaa kwanza," akasema Onésime. "Njo desturi."

"Soutenance inaanza," akasema Mardochée. "Siwezi kukosa. Ni miye nilipiga kila neno."

*

Ukumbi wa université ulikuwa umejaa. Kanyere alisimama mbele ya jury na suti nyeusi ya sketi, nywele zimesukwa, macho hayajalala. Apollinaire alikuwa mstari wa kwanza, mikono amekunja. Alikuja kwa sababu ingekuwa aibu asije.

Alisema vizuri. Alifika mwisho. Ndipo Profesa Phinées, aliyepewa kazi ya kuisoma mémoire, akavua miwani.

"Mademoiselle, nimesoma. Lakini niambie: hawa Wachina wa zamani wanatusaidia nini sisi hapa? Binti wa Kinande ana kazi gani nao? Huna mambo ya kwenu?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko kilekile cha dépôt. Kanyere akasubiri kiishe.

"Professeur," akasema, "kwa heshima. Nyiye muliandika thèse yenu juu ya mawazo ya Badachi, bale ba Ujerumani. Nani aliwauliza Badachi banasaidia nini Butembo?"

Ukumbi ukalipuka. Mtu akapiga meza. Phinées akarudisha miwani machoni. Na katika kelele ile, kutoka nje, chini ya dirisha, mbuzi akalia. Kisha wote wakalia pamoja.

"Ni nini hiyo?" akauliza mkubwa wa jury.

Kanyere akatazama dirishani. Akaona suti ya kijivu iliyogeuka nyekundu kwa vumbi. Akaona kamba, na mtu aliyezungukwa nazo miguuni, ameinua uso kusikiliza. Akashika ukingo wa meza.

"Ni jibu," akasema. "Professeur, bale batu balikuwa naishi wakati ya vita, na balijiuliza namna gani mutu mudogo atasikiwa. Mukisema hiyo swali si yetu, nyiye munaishi mutaa gani?"

Wakampa distinction, alama za juu. Phinées mwenyewe akasaini, mkono mzito.

Nje, Apollinaire aliwakuta mbuzi wakila maua ya université.

"Nani," akanguruma, "nani analetaka posa ku université?"

Onésime akavua kofia, akapiga magoti kidogo kama inavyotakiwa, akasema maneno ya mshenga kwa Kinande, yote, bila kuruka. Akaomba radhi kwa mahali. Akaeleza kamba ilivyowachelewesha. Mariette, ambaye habari alishazisikia kwa wale mama wa mihogo, akaingilia na kueleza zaidi ya Onésime.

Apollinaire akasikiliza mpaka mwisho. Yeye kila juma alikuwa anaacha kahawa kwenye kamba ile ile.

"Hata moja hawakuchukua?" akauliza.

"Hata moja, baba."

Akawatazama mbuzi. Akamtazama yule mtu wa vumbi. Hakusema kitu kuhusu yeye.

"Mupeleke mbuzi kwangu. Kwa miguu, katikati ya muji. Na binti abaki nyuma na bamama, hapana kutembea naye."

Ndivyo Butembo ilivyoona siku ile mtu wa serikali akileta kitu badala ya kuchukua. Kakule alitoka dépôt yake akasimama mdomo wazi. Mbele Mardochée na mbuzi, nyuma kabisa Kanyere kati ya mashangazi, na simu sikioni.

"Allô, Monsieur l'État."

"Professeur." Alikuwa anahema. "Nilisikia yote. Ulimumaliza ule muzee."

"Niko na kasirani na weye bado."

"Miye pia. Ulinyamaza siku ile."

"Najua. Nilikosa, Mardo. Nilikuwa na mudomo. Nisamehe."

"Na miye nilisoma sura ine, nikafikiri nimekumaliza kusoma. Nisamehe pia. Aïe! Huyu mbuzi!"

"Usigeuke! Bashangazi banaangalia."

"Leo utajibu nini, bolingo na ngai, mapenzi yangu?"

"Ungoje sawa batu bote. Usinikatie raha yangu."

*

Uwanja wa Bulengera ulijaa mpaka ukutani. Mbuzi walifungwa kwenye mti, wazee wakawakagua meno, sufuria zikasubiri, kisu kikasubiri. Kanyere akaitwa katikati, na kile kikwembe cha zambarau.

"Kanyere, mutoto ya kaka yangu," akasema Apollinaire. "Huyu mutu unamujua?"

"Namujua, baba mudogo."

"Mbuzi yake tukule, ao tusikule?"

Kanyere hakujibu.

Mashangazi wakatabasamu, binti anatakiwa kuona haya kidogo. Apollinaire akauliza tena. Kimya. Mardochée, kule aliposimama, akalegeza tai yake.

"Kanyere. Mara ya tatu. Tukule?"

"Baba mudogo," akasema Kanyere, na hapakuwa na haya yoyote kwenye sauti ile, "siwezi kujibu bado. Siku ile muliita huyu mutu mwizi, hapa, mbele ya bote. Mulisema anataka bure. Leo mumeona nani anachukuaka bure ku njia na nani hapana. Mutu aitwe jina yake ya kweli. Muondoe lile neno, hapa hapa, mbele ya bote. Nyuma ya ile nitajibu."

"Weye mutoto!" shangazi mmoja akashika kichwa.

Apollinaire akavimba. Akatazama wazee, wazee wakatazama chini, kwa maana walijua sheria. Binti hajajibu, na hata mkubwa wa jamaa hawezi kugusa kamba ya mbuzi mmoja. Akatazama sufuria. Akamtazama Kanyere, na kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afe alikuwa anangoja neno lake. Kanyere hakuinamisha macho.

Apollinaire akavua kofia.

"Mardochée," akasema, na kila neno lilimtoka kwa shida. "Nilikuita mwizi, mutu ya kuchukua bure. Hapana. Weye hapana mwizi. Nilikosa."

Mardochée akajifuta uso na tai yake ya zambarau.

"Sasa!" Apollinaire akageuka na hasira yake yote. "Binti! Tukule ao tusikule?"

Kanyere akavuta pumzi, akajibu kwa sauti iliyofika kwa majirani.

"Mukule, baba mudogo."